Programu ya picha: anza na kupanga kwanza
Kabla hujashusha chochote jiulize picha zako ziko ngapi, maana kama ni elfu kumi na zimetapakaa kwenye simu na maflashi, shida yako ni kupanga wala sio kuediti. Hapo jaribu digiKam, ya bure, unaweka tagi (lebo za maneno kwenye picha) na unatafuta kwa tarehe au hata sura ya mtu. Kuediti, GIMP inatosha kabisa (menyu zake zinachosha mwanzoni, vumilia tu), ila ukipiga RAW (faili ghafi la kamera, kabla halijachakatwa) chukua darktable, haigusi faili la asili kwa hiyo ukiharibu unarudi ulikotoka. Kuprinti usibahatishe: pikseli 300 kwa inchi, yaani picha ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800, pungufu sana inatoka na ukungu.