Vifaa Vyako Siku ya Harusi: Jinsi ya Kuvibeba, Kuvilinda na Kurudi Navyo Vyote

Harusi ya Kampala humhamisha mpiga picha mara nne au tano kwa siku moja. Asubuhi yuko saluni au hotelini bibi harusi anapopambwa, mchana kanisani au msikitini, alasiri kwenye bustani ya picha, na jioni ukumbini mpaka usiku wa manane. Kila anapohama anafungua begi, anatoa, anarudisha, anapakia, anashusha. Ukiwauliza wenzetu waliopoteza lenzi au flashi, wachache sana watakuambia walinyang'anywa kwa nguvu. Wengi waliweka kitu chini mara moja, wakakimbilia picha, na waliporudi hakikuwepo.

Ndiyo maana vijana wanaonisaidia kazi nawafundisha kanuni moja kabla ya kuwagusisha kamera: kifaa kinakaa mwilini mwako, au ndani ya begi lililofungwa, au kwenye stendi yenye mtu wa kuisimamia. Meza ya keki, kiti cha mgeni, juu ya spika, boneti ya gari, kizingiti cha dirisha la kanisa, hapo pote hapawekwi kitu, hata kwa nusu dakika. Hatua zifuatazo ni namna ya kuifanya kanuni hiyo iwezekane siku yenye haraka.

Hatua ya 1: Acha nusu ya vitu nyumbani

Kadiri unavyobeba vichache ndivyo unavyovikumbuka. Kwa harusi ya kawaida mimi hutoka na kamera mbili, lenzi tatu, flashi mbili, stendi moja ya taa, betri na kadi za kumbukumbu. Kamera moja inakaa na lenzi ya milimita 24-70, ya pili na ya kuvuta mbali ya 70-200, na lenzi ya tatu ni ndogo ya 35 au 50 yenye uwazi mkubwa kwa ajili ya giza la ukumbini. Kamera mbili ni za lazima, kwanza kwa sababu moja ikigoma wakati wa viapo huna wa kumwomba arudie, na pili kwa sababu zinakuondolea haja ya kubadilisha lenzi katikati ya watu. Lenzi iliyovuliwa ndiyo inayowekwa kwenye benchi na kusahauliwa.

Huna kamera ya pili? Azima au kodi kwa siku hiyo, na gharama uiingize katika bei yako.

Hatua ya 2: Namba, alama na mpangilio

Andika namba ya kiwandani (serial number) ya kila kamera, lenzi na flashi, upige picha namba hizo pamoja na risiti, kisha uzihifadhi kwenye barua pepe yako. Kifaa kikiibwa, polisi watakuuliza namba hiyo, na kampuni ya bima pia. Kamera nyingi huandika namba yake ndani ya kila faili la picha, kwa hiyo hata kama risiti imepotea, picha zako za zamani zinaweza kukupa.

Bandika utepe wa rangi moja inayong'aa kwenye kila kitu, mpaka vifuniko vya lenzi na chaja. Harusini mpo wapiga picha, wapiga video, watu wa kurusha matangazo ya moja kwa moja na watu wa muziki, na nyaya zenu zote ni nyeusi. Utepe wa rangi ya chungwa unamaliza ubishi saa 6 usiku.

Ndani ya begi kila kitu kiwe na shimo lake, na shimo hilo lisibadilike. Ukifungua begi ukaona shimo tupu, unajua papo hapo ni nini hakipo. Kwa upande wa betri, zilizojaa nazitia mfuko wa kulia wa koti na zilizokwisha wa kushoto. Za flashi, zile ndogo za kuchaji, zifunge nne nne kwa raba na uzitumie pamoja daima, maana moja dhaifu huzivuta zote chini.

Hatua ya 3: Zungumza na kamati mapema

Sisi Uganda tuna mikutano ya harusi, na mpiga picha mwenye busara huhudhuria angalau mmoja. Usiende kuzungumzia bei peke yake. Omba mambo matatu: meza ndogo na kiti karibu na mshereheshaji, soketi ya umeme ambayo haitachomolewa na watu wa muziki, na jina la mtu mmoja wa familia mwenye funguo za chumba. Ulizia pia msaidizi wako atakula wapi. Msaidizi asiyewekewa chakula ataondoka kukitafuta, na begi litabaki peke yake.

Kuhusu msaidizi, msimamo wangu ni mkali. Ni afadhali uache stendi na taa nyumbani, umlipe kijana mwaminifu wa kukaa na begi, kuliko kuja na taa tatu peke yako. Kazi yake ya kwanza ni begi. Asipewe simu ya kuwapiga wageni picha, wala asitumwe kubeba keki.

Hatua ya 4: Njiani

Pakia nyumbani, kabla ya kuondoka, na buti isifunguliwe mbele ya watu mahali utakapoegesha. Kuhamisha vifaa kutoka kiti cha nyuma kwenda kwenye buti ukiwa tayari kwenye maegesho ni kumwonyesha kila anayetazama mahali vilipo. Katika msongamano wa magari mjini, begi likae sakafuni na vioo viwe juu.

Kama msafara umekwama na lazima upande bodaboda ili uwahi kanisani, vaa begi kifuani, kati yako na dereva, mikanda yote miwili begani. Begi la mgongoni kwenye boda hulioni, na zipu yake inafunguka bila wewe kuhisi. Stendi na tripodi vibaki na msafara.

Gari lililoegeshwa juani si stoo. Joto linaharibu betri za lithiamu, na mwizi anavunja kioo kwa sekunde chache.

Hatua ya 5: Kanisani na msikitini

Kanisa la Namirembe, kanisa la Rubaga, msikiti wa Kibuli, kila nyumba ya ibada ina utaratibu wake. Mfuate mhudumu kabla ya ibada, umuulize unaruhusiwa kusimama wapi na kama flashi inakubalika. Ukishajua hutatumia flashi, iache begini, begi lifungwe, likae kwa msaidizi kwenye benchi la pembeni. Wewe ingia na kamera mbili mwilini na mfuko mdogo wa kiunoni wenye betri na kadi.

Nunua mkanda wa mabega mawili. Kamera yenye lenzi ya 70-200 inakaribia kilo 2 au kuzidi, na mkanda wa shingoni utakuumiza kabla ya saa 9. Lakini mikanda mingi ya aina hiyo hushika kamera kwa skrubu moja chini, kwenye tundu la tripodi, nayo hulegea kwa kutembea. Ikaze kila unapobadilisha mahali, na uongeze kamba ndogo ya usalama kutoka kwenye pete ya kamera hadi kwenye mkanda.

Hatua ya 6: Kwanjula

Kwanjula ni sherehe ya Waganda ya kumtambulisha bwana harusi nyumbani kwa kina bibi harusi, na hapa ndipo ninapotaka uwe macho kuliko mahali pengine popote. Mahema mawili yanatazamana na katikati kuna uwanja. Wasichana wanatoka kwa makundi na kupiga magoti kusalimu, ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, anapita kwa wageni kumtafuta bwana harusi, watu wanapiga vigelegele, nawe huwezi kukosa hata uso mmoja. Kisha zinakuja zawadi. Mstari mrefu wa wanaume wa kanzu na wanawake wa gomesi wenye vikapu, makreti ya soda, mizigo iliyofungwa kwa karatasi za kung'aa, na vijana wa nyumbani wanapokea na kuingiza ndani haraka haraka. Begi lako likiwa karibu na njia hiyo, litainuliwa na kubebwa pamoja na zawadi, kwa nia njema kabisa, na litaingia katika chumba ambacho mgeni wa kiume haruhusiwi kuchungulia.

Fanya hivi. Fika saa moja kabla, utazame zawadi zitapita wapi na kuingilia mlango gani. Begi uliweke upande wa pili, nyuma ya hema la familia iliyokuajiri, na mkanda wake uzungushwe kwenye mguu wa kiti. Kama huna msaidizi, mchague mama mtu mzima aliyekaa hapo, umsalimie kwa heshima: "Nnyabo, naomba uniangalizie begi hili, nitakuwa nalijia mimi mwenyewe tu." Maneno hayo ya mwisho ni muhimu, maana atamzuia kijana yeyote atakayesema ametumwa na mpiga picha. Kabla zawadi hazijaanza kuingia, badilisha kadi na betri, hata kama zimebaki nusu. Usilazimike kurudi begini mstari ukiwa katikati.

Kwenye kuhingira, sherehe ya kumuaga bibi harusi huko Ankole na Kigezi, mambo yanakaribiana, ila safari ni ndefu, na mara nyingi utalala huko. Begi lilale chumbani mwako, kamwe lisilale kwenye gari.

Hatua ya 7: Mvua, vumbi na ubaridi wa hoteli

Kuanzia Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mvua hutukuta bustanini bila salamu. Weka begini kaveera (mifuko ya plastiki) mbili kubwa, raba na taulo. Kaveera iliyotobolewa mbele na kukazwa kwa raba kwenye mdomo wa lenzi inafanya kazi vizuri kabisa. Kamera ikilowa, ifute kwa kubonyeza taulo, usisugue, na usiifungie begini ikiwa na maji.

Kiangazi shida ni vumbi jekundu la barabara za murramu. Usibadilishe lenzi nje msafara unapopita. Ukilazimika, ingia garini, zima kamera, uielekeze chini, ndipo ubadilishe. Vumbi kwenye kioo lipulizwe kwanza kwa pampu ndogo ya mkono, kwa sababu chembe zake zinakwaruza ukizifuta zikiwa kavu.

Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni chumba cha hoteli chenye kiyoyozi. Ukitoka humo na kamera baridi kwenda kwenye joto lenye unyevu la kando ya ziwa, Munyonyo au Entebbe, kioo kinafunikwa na ukungu papo hapo. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 hadi 30 baada ya kutoka, ipate joto polepole. Na nyumbani, weka pakiti za kufyonza unyevu ndani ya begi, kwani unyevu ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, kuvu huweza kuota ndani ya lenzi.

Hatua ya 8: Ukumbini

Stendi ya taa inaangushwa na watoto, na nyaya, na watu wanaokwenda kutunza maharusi. Iweke ukutani, mguu mmoja uelekee upande taa inakoegemea, na uning'inize jerikeni la lita 5 lenye maji. Hizo ni kilo 5 ambazo hukuzibeba kutoka nyumbani.

Chaja usiziache kwenye ekstensheni ya watu wa muziki. Jenereta ikiyumba, umeme unapanda na kushuka, na chaja iliyo ukutani ndiyo kifaa kinachosahauliwa kuliko vyote. Beba powabenki na uchajie ndani ya begi.

Saa ya keki huja fataki, moshi na povu la kupuliza. Weka filta ya kinga mbele ya lenzi na urudi nyuma hatua mbili. Karibu na ziwa usibadilishe lenzi chini ya taa usiku, kwa kuwa vijidudu hujaa hapo, na mwezi wa Novemba nsenene, wale panzi wanaoliwa, nao huufuata mwanga.

Hatua ya 9: Kadi

Lenzi hununuliwa tena kwa shida, lakini inanunuliwa. Uso wa baba anapomkabidhi binti yake haurudi. Kwa hiyo kadi ndizo za kulindwa kwanza.

Kama kamera ina nafasi mbili za kadi, iandike picha zilezile kwenye zote mbili. Kama ina moja, badilisha kadi kila tukio linapoisha: saluni, kanisa, bustani, ukumbi. Ikipotea moja, hutakuwa umepoteza siku nzima. Kadi ya GB 64 inabeba zaidi ya picha 2,000 za RAW (faili ghafi za kamera) zenye MB 25 kila moja, lakini hiyo si sababu ya kuijaza. Iliyotumika igeuzwe uso chini kwenye kasha lake, kasha liwe ndani ya mfuko wa shati wenye kifungo, na lisitoke humo. Halikai begini. Na usiichomoe kadi taa ya kuandika ikiwa bado inawaka.

Hatua ya 10: Kuhesabu na kunakili

Orodha ya vifaa ibandikwe ndani ya kifuniko cha begi. Kabla ya kuondoka kila sehemu, msaidizi anasoma, wewe unagusa. Usikubali kuharakishwa na dereva wa msafara. Inachukua dakika mbili, na kitu kikikosekana, mko bado mahali kilipo. Kama hakionekani, mwambie mshereheshaji atangaze kabla wageni hawajatawanyika, kisha mwone mwenye ukumbi, na polisi wa karibu uwaendee kesho yake asubuhi ukiwa na zile namba.

Ukifika nyumbani, nakili kadi zote kwenye diski mbili tofauti kabla ya kulala, ufungue picha chache za mwanzo, katikati na mwisho wa kila folda kuhakikisha zinafunguka. Diski moja kesho yake ipeleke ofisini au kwa ndugu, isikae nyumba moja na nyingine. Kadi zenyewe zisifomatiwe mpaka maharusi wapokee albamu yao.