Namna ya kuzisoma siku za kazi kwenye fresko ya Kiitalia

Mimi ni fundi lipu. Nikiingia kanisani Italia, macho yangu hayaanzii kwenye nyuso za watakatifu, yanaanza kutafuta maungio ya chokaa. Ukiyajua, ukuta wenyewe utakwambia mchoraji alianzia wapi na jioni alikomea wapi.

Fresko ya kweli, yaani picha ya ukutani, huchorwa kwenye lipu mbichi. Kwanza ukuta hupigwa lipu ya chini yenye mchanga wa chenga, ambayo Waitalia huiita aricho. Asubuhi fundi hupaka juu yake lipu laini, intonako, kiasi cha kutosha kazi ya siku hiyo tu. Rangi huchanganywa na maji matupu. Chokaa inapokauka hunasa hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, na rangi hufungiwa humo humo. Lipu iliyobaki bila kuchorwa hukatwa kwa mwiko jioni na kutupwa, kwa sababu kesho haitanyonya tena. Kipande cha siku moja huitwa jornata. Mkato wake ndio tunaoutafuta.

Usisimame katikati ya picha. Sogea kando, karibu na ukuta kadiri unavyoruhusiwa, na utazame kimshazari, mwanga wa dirishani ukiwa unapita juu ya lipu. Usiguse wala usitumie flashi. Anza juu, kwa kuwa mafundi walikuwa wakishuka chini ili matone yasichafue kazi iliyokwisha. Fuata mzunguko wa kichwa, bega, ukingo wa vazi: mkato mzuri hufichwa hapo. Ukishaupata, angalia kwa makini lipu ipi imelalia nyenzake. Iliyo juu ndiyo ya baadaye. Kichwa kimoja kinaweza kuwa kimekula siku nzima, huku eneo kubwa la anga likimalizwa kwa siku moja. Mimi huchora ramani ndogo kwenye daftari na kuandika namba, na hapo ndipo picha huanza kutembea.

Kisha tafuta palipobanduka. Katika kikanisa cha Scrovegni, Padova, alichochora Giotto mnamo 1305, tazama mavazi ya buluu. Mengi yamepukutika, ilhali nyuso za jirani zimesimama imara. Buluu ya azuriti, rangi ya jiwe lililosagwa, haipatani na chokaa mbichi, kwa hiyo ilipakwa baadaye kwenye ukuta mkavu kwa gundi, na gundi huchoka. Leonardo naye, Milano, alichora Karamu ya Mwisho yote kwenye ukuta mkavu, na ilianza kuharibika angali hai. Pale usihangaike kutafuta jornata. Assisi, kanisa la juu, Msulubisho wa Cimabue unaonekana kama negativu ya picha, penye mwanga pakiwa peusi: rangi yake nyeupe ya madini ya risasi imegeuka nyeusi.

Ukipata siku moja tu, nenda Firenze, Santa Maria Novella, kwenye picha ya Utatu Mtakatifu ya Masaccio ya takriban 1427. Hapo usitafute maungio peke yake, tafuta alama za vifaa. Mistari ya dari lililopinda, lililochorwa ndani ya picha, hukutana sehemu moja, chini ya msalaba, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Masaccio alipigilia msumari hapo, akafunga kamba, akaivuta hadi juu na kuikandamiza kwenye lipu mbichi. Mikwaruzo yake bado ipo. Mara ya kwanza nilipita nayo bila kuiona. Mara ya pili nilihamia kushoto hatua mbili, jua likageuka kidogo, na mfereji mwembamba ukajitokeza kwenye dari lile la kuchorwa, ulionyooka kama nilivyowahi kuuvuta mwenyewe kwa uzi mara nyingi.