Tuliza mizani kabla ya kupima

Maabara ninayofanyia kazi iko Viwandani, Nairobi, karibu na Barabara ya Enterprise, na malori hayakomi. Mizani inayosoma hadi miligramu 0.1 huhisi kila moja.

Anza na mahali. Chagua ghorofa ya chini, kwenye kona kuta mbili zinapokutana. Ukiwa ghorofani, epuka katikati ya chumba. Sakafu hucheza zaidi hapo. Meza iwe nzito: bamba la graniti, kama la kaunta za jikoni, juu ya nguzo za matofali. Isimame sakafuni au ishikwe na ukuta, si vyote viwili, la sivyo itapokea mitetemo ya pande zote. Na tafadhali, usiweke sponji chini ya mizani! Huifanya iyumbe, na mtetemo wa polepole wa lori unaweza hata kuongezeka.

Friji na mashinepewa (mashine inayozungusha sampuli kwa kasi) vikae meza nyingine, mbali.

Sasa weka beseni la maji mezani, utazame taa inavyoakisiwa lori likipita. Ikitetemeka, hamisha meza, sawazisha kiputo cha mizani kinachoonyesha kama imelala sawa, kisha hakiki mizani upya kwa mawe yake. Sampuli za dawa mimi huzipima alfajiri, kabla barabara haijajaa.