Somo: achari ya matango na karoti kabla kiangazi hakijaingia

Mwezi wa tatu hapa Dodoma matango huzaa kuliko tunavyoweza kula. Ukimpelekea jirani, anakuonyesha beseni lake limejaa. Mvua ikishakata, ikifika Julai, tango lile lile unalifuata Soko la Majengo na pesa mkononi. Tuokoe hii ziada. Ila nawaomba jambo moja: siki msiibanie.

Kwa chupa 4 za kioo za nusu lita: matango machanga na karoti, jumla kilo 1 na robo, siki nyeupe nusu lita, maji nusu lita, chumvi vijiko 2 vya chakula, sukari kijiko 1, punje za kitunguu saumu, pilipili mbuzi 4 na majani 4 ya mzabibu.

1. Chuma asubuhi, tengeneza siku hiyo hiyo.

2. Osha, kisha kata ncha za tango, hasa ile iliyokuwa na ua. Nusu sentimita inatosha. Upande huo una vimeng'enya vinavyolainisha tango chupani. Kata vipande virefu vya kusimama. Karoti ziwe nyembamba zaidi.

3. Chemsha chupa, weka jani la mzabibu chini, kisha panga mboga na viungo. Jani hilo lina tanini, nayo husaidia tango libaki linalia ukilitafuna. Mizabibu tunayo, tuitumie.

4. Maji yetu mengi ni ya chumvi, mnaona utando mweupe ndani ya birika. Yanafanya maji ya achari yasiwe maangavu. Mimi hutumia ya mvua, nikayachuja na kuyachemsha.

5. Chemsha siki, maji, chumvi na sukari kwenye sufuria ya stili au enameli, maana siki hula alumini. Mimina ikiwa ya moto, acha nafasi ya upana wa kidole juu, toa mapovu kwa kijiti kisafi, futa mdomo wa chupa, funga.

Siki isipungue nusu ya mchanganyiko. Mwaka wangu wa kwanza niliweka kikombe kimoja kwa maji vikombe vitatu ili nipunguze gharama. Baada ya wiki mbili tango lilibonyea kama ndizi iliyoiva sana, juu limetanda ukungu. Nilimwaga chupa 7. Ile bustani nilikuwa nimeimwagilia kwa ndoo Januari nzima mvua ilipokatika. Niliumia sana.

6. Zamisha chupa kwenye maji yanayochemka, yazifunike kabisa, dakika 15. Maelekezo mengi yanasema 10, lakini hayo ni ya pwani. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100, ndiyo maana tunaongeza dakika. Onja baada ya wiki mbili.

Maswali ya wanakikundi

Shikamoo mama. Naweza kuweka ndimu badala ya siki?
Marahaba mwanangu. Kwa achari ya kuweka akiba, hapana. Ndimu moja kali, nyingine maji tu. Siki soma kibandiko, asidi iwe asilimia 5.

Dada, kitunguu saumu kimegeuka bluu! Nimwage?
Usimwage. Siki ndiyo hukibadilisha rangi, hakina shida. Mwaga ukiona povu, mfuniko umevimba au harufu imegeuka, na usionje kwanza.

Sisi hatuna friji, itakaa?
Itakaa hata mwaka mahali penye giza, mradi mfuniko ni mpya na umebonyea katikati chupa ilipopoa. Ukiubonyeza ukarudi juu, haikushika: hiyo mpelekee mwenye friji, iliwe ndani ya mwezi. Kwenu tumieni chupa ndogo, mkifungua iishe siku mbili tatu.

Na mlenda umejaa shambani, nao tuutie siki?
Hapana mdogo wangu. Huo anika juani, ukikauka twanga, weka kwenye chombo kikavu, kama bibi zetu wa Kigogo wanavyofanya.