Sauti kwenye Raspberry Pi isiyo na skrini
Ukitaka Raspberry Pi (kompyuta ndogo) ipige muziki bila mtu kuingia kwenye akaunti, usikimbilie kuwasha PulseAudio (programu ya Linux inayosimamia sauti) kwa `--system`, yaani kwa mashine nzima badala ya mtumiaji mmoja. Inafanya kazi, ila watengenezaji wake wenyewe hawaipendekezi: kumbukumbu ya pamoja (ambamo programu hupitishiana sauti bila kuinakili) huzimwa, prosesa hubeba mzigo zaidi, na yeyote aliye kwenye kundi la `pulse-access` anaweza kunasa sauti za wenzake. Hilo la mwisho ndilo baya.

Unda mtumiaji wa kazi hiyo tu, tuseme `muziki`, umtie kwenye kundi la `audio` (asiyekaa mbele ya mashine hafunguliwi kadi ya sauti hivihivi), kisha ruhusu programu zake ziendeshwe hata kama hajaingia kwenye akaunti:

`sudo loginctl enable-linger muziki`

PipeWire (programu mpya zaidi ya kazi hiyohiyo) au PulseAudio ya `muziki`, ikishawezeshwa kwa `systemctl --user` (amri ya huduma za mtumiaji mwenyewe), itaamka pamoja na mashine.