Madoa kwenye mshubiri na mimea ya majani manene: jinsi ya kuyatibu na kuyazuia

Mwezi wa tano, masika yakiwa yameshika, mama mdogo alinipigia simu kutoka Chake Chake, Pemba. "Mwanangu, mishubiri yangu imeingia tetekuwanga. Niitupe yote?" Nilimwambia asitupe hata mmoja, nikavuka Ijumaa. Nilikuta vyungu 14 vimebanana barazani, vingine vikiwa chini kabisa ya michirizi ya bati. Vilivyokuwa na ukungu ni vitatu tu. Viwili vilikuwa na makovu ya jua la Februari, vitano vimeshiba maji kupita kiasi, na vilivyobaki vizima. Haya ndiyo tuliyofanya.

Hatua ya 1: Tenga

Kila chungu chenye doa kiweke mbali na vingine, pahali pakavu penye upepo. Usimwagilie kwanza.

Hatua ya 2: Lijue doa kabla ya kushika dawa

Hatua hii usiiruke. Mimi iliwahi kunigharimu miezi miwili. Nilikuwa na mmea wa majani marefu yaliyosimama kama panga, nikautoa chumbani nikauweka barazani upande wa magharibi. Siku ya tatu ukatoka mabaka. Nikapiga dawa ya ukungu kila wiki, mabaka yako palepale, nami nikazidisha dawa mpaka majani yakaungua kweli. Kumbe mmea haukuwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa umeunguzwa na jua la alasiri.

Doa la jua hukaa upande unaotazama jua peke yake. Ni kavu, limepauka au lina rangi ya kahawia, na ukilipapasa ni kama karatasi. Doa la ukungu mara nyingi ni la mviringo, limedidimia katikati, kingo zake zimekoza rangi au zina umanjano, na ukilitazama kwa karibu utaona vidoti vyeusi vidogo kuliko punje za ufuta. Huanza majani ya chini, yale yanayorukiwa na matone. Doa la bakteria ni la majimaji, laini, mara nyingi lina harufu ya kuoza. Vivimbe vigumu kama magamba, hasa chini ya jani, ni dalili ya mmea uliokunywa maji kuliko unavyoweza kuyatumia. Haviambukizi. Na ncha zikikauka huku mdomo wa chungu una ukoko mweupe, fikiria chumvi.

Maelezo hayo hayatoshi kila wakati, kwa sababu doa kuukuu la jua na la ukungu hufanana sana. Kwa hiyo chukua kalamu ya wino mzito, zungushia doa pale pale linapoishia, andika tarehe kwenye chungu, kisha ngoja siku 7. Doa likivuka mstari, lina uhai, litibu. Likibaki ndani ya mstari na majani jirani ni safi, ni kovu, liache. Piga na picha kwa simu, saa ile ile kila siku, maana mwanga ukibadilika doa nalo huonekana limebadilika. Usilifute jani kwa kutaka mstari ushike: ule unga mweupe juu ya jani ndio kinga yake, na ukifutika kwenye jani kukuu haurudi. Mmea ukiwa na madoa mengi, zungushia matatu tu: moja chini, moja katikati, moja juu.

Usingoje siku 7 kwa jani laini lenye majimaji. Bonyeza kwa kidole gumba. Likibonyea kama embe bovu, nenda hatua ya 3 papo hapo. Na ukumbuke kwamba mmea mmoja unaweza kuwa na mambo mawili. Pale jani lilipounguzwa na jua ndipo ukungu unapopata mlango, na mshubiri mmoja wa mama mdogo ulikuwa hivyo.

Hatua ya 3: Kata

Tumia wembe mpya uliofutwa kwa spiriti, na uufute tena kila baada ya jani. Kata sentimita 1 ndani ya sehemu nzima. Doa likiwa limekula nusu ya jani, ondoa jani lote. Utomvu wa njano wa mshubiri hautoki nguoni, basi vaa nguo ya kazi. Kidonda kipake mdalasini wa unga, mkavu. Hukikausha na husaidia kuzuia ukungu. Majani yaliyokatwa yasiende kwenye mboji.

Hatua ya 4: Dawa

Ukungu ukiwa umethibitika, nunua dawa ya kopa, yaani dawa ya ukungu yenye madini ya shaba, kwenye duka la pembejeo, pima kama karatasi yake inavyosema, vaa glavu, nyunyiza jioni. Kopa inalinda majani mazima tu. Doa lililokwisha kuwepo halitafutika, usiongeze kipimo kwa kuliona bado lipo. Mafuta ya karafuu usiyapake hata kama yamejaa nyumbani, yanaunguza jani. Sabuni ya unga vilevile.

Na jambo moja ninalolisisitiza kwa kila mama: mshubiri uliopigwa dawa usiutumie tena kwa nywele, kwa kidonda, wala kumwachisha mtoto ziwa. Weka chungu kimoja cha tiba, mbali, kisichoguswa na dawa.

Hatua ya 5: Udongo na chungu

Chungu cha udongo chenye tundu chini, kwangu hakina mbadala. Plastiki hufunga unyevu. Changanya vikombe 2 vya mchanga mnene, 2 vya kokoto ndogo, 1 cha mboji. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Usumba nao ni mzuri, lakini ule wa wasokota kamba umetoka kwenye makumbi yaliyofukiwa pwani miezi kadhaa. Uloweke maji baridi, umwage, urudie mpaka ukionja maji yake kwa ncha ya ulimi usisikie chumvi. Mimi hufika mara tano.

Hatua ya 6: Maji

Mbegu za ukungu zinahitaji jani libaki limelowa kwa saa kadhaa ndipo ziote. Kwa hiyo mwagilia asubuhi, kwenye udongo, kwa kopo la mdomo mwembamba. Chomeka kijiti cha mishikaki mpaka chini. Kikitoka na udongo umeshika, ngoja. Kwenye kaskazi mimi humwagilia kila siku 10 hivi, kwenye masika naweza kupitisha wiki tatu. Maji ya kisima cha karibu na bahari yaache, kinga maji ya mvua utumie hayo. Kati ya chungu na chungu pite kiganja.

Vya mama mdogo tulivisogeza nusu mita kutoka kwenye michirizi. Jana amenitumia picha: duara la kalamu bado linaonekana, doa liko ndani yake, na katikati ya mmea limechomoza jani jipya, safi.