Jinsi tulivyoihamishia kaunta ya maktaba kwenye simu

Kabla hujafungua akaunti yoyote, nunua daftari la kurasa mia moja uliweke kaunta. Kwa wiki mbili, kila anayekuja na swali, liandike kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na saa. Usilisafishe. Mtoto akisema “kile kitabu chekundu cha Bailojia”, andika hivyohivyo.

Mimi ni mkutubi katika mji mdogo kando ya reli ya kati. Tulipoambiwa tuingie kwenye dijiti, wazo la kwanza lilikuwa tovuti. Tukatengenezewa: picha ya jengo, salamu za uongozi, basi. Msomaji hakuwa na pa kuulizia wala pa kuomba kitabu. Daftari ndilo lililotufumbua macho. Maswali yalijaza kurasa, lakini ukiyachambua unabaki na manne: Mmefungua leo? Kitabu fulani kipo? Changu narudisha lini? Nafasi ya kukaa nitapata? Hili la mwisho hufurika Oktoba, kidato cha nne wanapokaribia mitihani yao. Na anayeuliza “mmefungua?” akiwa mlangoni huwa ameshalipa bodaboda. Kila chombo utakachoweka mtandaoni kijibu mojawapo ya maswali yako. Kisichojibu lolote, kiache.

Anza na WhatsApp ya biashara, kwa kuwa wasomaji wako wako humo tayari na programu yenyewe ni ya bure. Laini iwe ya ofisi. Sisi tulianza na namba ya mwenzetu mmoja. Alipohamishwa, alihama nayo, na wasomaji wakaendelea kumwomba vitabu akiwa mkoa mwingine. Ukishasajili, jaza saa za kazi na mahali mlipo kwenye ramani. Hapo swali la “mmefungua?” linapungua bila wewe kugusa kitu.

Kisha andika ujumbe wa makaribisho. Huu humwendea mtu anapoandika mara ya kwanza, au anaporudi baada ya siku 14 za ukimya. Wa kwangu wa mwanzo ulikuwa hivi: “Ombi lako limepokelewa na litashughulikiwa.” Watoto walikuwa wakiusoma wananyamaza, kama walioambiwa wakae benchi nje ya ofisi ya mkuu. Siku hizi unasema: “Karibu maktaba. Andika jina la kitabu na darasa lako. Tunajibu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.” Tumeweka saa kwa makusudi. Mtu akijua atajibiwa lini, hapigi simu mara sita.

Majibu ya haraka ndiyo yanayookoa vidole. Unaandika jibu mara moja, unalipatia jina fupi, halafu ukibonyeza mkwaju (/) linajitokeza. Programu inaruhusu majibu 50. Sisi tunayo saba na yanatosha. Ila usiliachie jibu la haraka lizungumze peke yake. Mazungumzo yetu ya kawaida huwa hivi:

“Shikamoo mama. Mna Fizikia kidato cha tatu?”

“Marahaba mwanangu. Tunayo nakala moja, imeazimwa, inarudi Alhamisi. Nikuwekee?”

“Naomba.”

“Nimekuandika. Nitakutumia ujumbe kikirudi. Kitakaa kaunta siku mbili.”

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo jibu la haraka. Zilizo juu yake nimeandika kwa mkono, na ndizo zinazomfanya arudi. Ukimaliza, mbandike lebo: “Anasubiri”, “Amechelewesha”, “Swali gumu”. Asubuhi unafungua lebo ya “Anasubiri”, unalinganisha na vitabu vilivyorudi jana, unatuma. Kazi ya dakika kumi.

Sasa nikuonye kuhusu kundi. Nilifungua kundi la wasomaji kwa furaha zangu zote. Siku ya pili kulikuwa na vitenge vinauzwa. Wiki haijaisha, binti mmoja wa shule akaja kaunta kuniambia kuna mtu mzima asiyemjua anamwandikia usiku; namba aliitoa kwenye kundi letu, maana kwenye kundi kila mtu anaona namba ya mwenzake. Nami nilikuwa nimezidisha kosa kwa kuweka humo majina ya waliochelewesha vitabu, nikidhani ninawahimiza. Nililifunga siku ileile, nikampigia mama wa yule binti kumwomba radhi.

Tumia orodha ya matangazo badala yake. Ujumbe unaandika mara moja, kila mmoja anaupokea peke yake, wala hajui nani mwingine kapokea. Kasoro yake ni moja: unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo unapomwandikisha mwanachama, mwambie aihifadhi palepale mbele yako. Akifika nyumbani hatakumbuka. Habari za kuchelewesha ziende kwa mhusika tu. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake. Lakini hata sheria isingekuwepo: anayeazima kitabu cha talaka au cha kuishi na virusi hajakupa ruhusa umtangaze.

Kwa viti tunatumia Google Forms, yaani fomu ya kujaza mtandaoni. Fomu iwe na maswali manne: jina, simu, tarehe, asubuhi au mchana. Ukiongeza la tano, watu wanaishia njiani. Usiwashe kile kipengele cha kumzuia mtu kujibu zaidi ya mara moja, kwa sababu kinamdai aingie kwa akaunti ya Google, na mtoto anayetumia simu ya baba yake hana nywila. Kuambatisha faili ni hivyohivyo, kunadai akaunti. Majibu yanakwenda kwenye jedwali, na hapo kuna mtego mdogo: jedwali likiichukulia simu kuwa hesabu, sifuri ya mwanzo hupotea, 07 inabaki 7. Igeuze safu hiyo iwe ya maandishi kabla hujaanza kupokea.

Na fomu haijui una viti vingapi. Sisi tuna 24. Jumamosi ya kwanza hakuna aliyeikagua, vijana wakajaza bila kikomo, wakaja wote na madaftari yao. Waliokosa viti walikaa sakafuni hadi kwenye rafu za magazeti, na mzee mmoja anayesoma pale kila siku akaondoka amenuna. Tangu hapo mtu wa zamu huhesabu nafasi saa nne na saa tisa, zikijaa anaifunga fomu kwa mkono. Uthibitisho tunautuma WhatsApp. Asiyeupata hana kiti.

Bandika msimbo wa QR wa fomu mlangoni kwa nje, urefu wa kifua, ili aliyekuta pamefungwa aweze kuutumia. Chini yake andika namba ya simu kwa tarakimu kubwa, kwa ajili ya wenye kitochi. Hao wanatuma SMS, unawaandika kwenye jedwali lilelile.

Orodha ya vitabu mtandaoni ndiyo hatua nzito. Programu ya Koha ilizaliwa New Zealand, ikaanza kazi mwaka 2000 katika maktaba za Horowhenua. Ni huria, yaani ni ya bure na yeyote anaweza kuirekebisha, na humwezesha msomaji kutafuta kitabu, kukiwekea nafasi na kuongeza muda akiwa nyumbani. Jina lake ni neno la Kimaori, zawadi. Zawadi yenyewe lakini inataka mlezi: seva (kompyuta ya kuiendeshea), nakala za akiba, na mtu wa kuingiza kila kitabu. Kama huna mtu huyo, usijidanganye. Weka jedwali la kusoma tu lenye jina la kitabu, mwandishi, darasa, na kama kipo au kimetoka. Lisasishwe kila jioni kabla ya kufunga. Jedwali la wiki iliyopita ni baya kuliko kutokuwa nalo, maana msomaji analiamini, anapanda gari, anakosa.

Kwa wasio na bando, kompyuta moja ndani ya maktaba inaweza kurusha programu za Kiwix na Kolibri kwa Wi-Fi bila intaneti kabisa. Kiwix ina Wikipedia, ya Kiswahili pia. Kolibri ina mazoezi yanayomwambia mwanafunzi papo hapo kama amekosa. Yaliyomo yapakue kwanza, tena usiku, bando la usiku ni nafuu.

Simu yenyewe hailali kwa mtu. Inakaa kwenye droo ya kaunta na chaja yake, na kwenye jalada la lile daftari tumebandika jina la anayejibu kila siku. Jumamosi ni mimi.